InaSAFE kwa ramani ya tsunami: nimeijaribu Jambiani, nyota tatu na nusu

Nianze na jibu kabisa kwa wasiopenda maneno mengi. Programu nzuri, ya bure, na itakutoa jasho. Kama unataka kujua tsunami ikija kwenu maji yatafika mpaka mlango wa nani, InaSAFE haikwambii, si kazi yake. Kama ramani ya maji unayo tayari na unachotaka ni kujua ndani ya yale maji mna nyumba ngapi, watu wangapi, skuli gani na kipande gani cha barabara, hapo ndo kwake. Mie nilipoteza wiki nzima ya mwanzo kwa kutolijua hilo, niko nabofya huku na huku natafuta kitufe cha kupandisha mawimbi, kumbe hakipo.

Kwa asiyeijua, ni plagini, yaani kiongezeo, unaipachika ndani ya QGIS, ile programu ya bure ya kuchorea ramani. Imetoka Indonesia, wakala wao wa maafa BNPB pamoja na serikali ya Australia na Benki ya Dunia, ikaanza kutumika 2012, na wale wenzetu tsunami si hadithi kwao. Huku kwetu waliopitia mradi wa Ramani Huria Dar wanaijua kwa mafuriko ya mvua, lakini kwa tsunami sijakutana na mtu aliyeielezea kwa Kiswahili, ndo nikaona niandike mie.

Kuiinstoli si kazi, unaingia kwenye orodha ya plagini, unaitafuta, unabofya, basi. Tabu ni kwamba QGIS inatoa toleo jipya kila baada ya miezi minne na plagini haiwezi kukimbizana nayo, kwa hiyo nimebakisha QGIS ya zamani kwa ajili yake tu na ile mpya naifanyia kazi nyengine. Ikikataa kufunguka usianze kuilaani, angalia toleo kwanza. Kompyuta yangu ya mtumba, ramu GB 8, ikahimili vizuri. Na ikishapata data zake haitaki tena intaneti, jambo ambalo kwa sie wa bando la kupimiana ni kubwa sana.

Inavyofanya kazi, unailisha leya mbili, yaani tabaka mbili za ramani. Moja ya hatari, yaani maji yana kina gani wapi. Ya pili ya vilivyomo hatarini, nyumba au watu au barabara. Ukitaka unaongeza ya tatu ya mipaka ili hesabu itoke kwa mgawanyo, mie nikatia shehia za Jambiani, kijiji changu pwani ya mashariki ya Unguja, Kibigija na Kikadini. Kila leya lazima uijibie maswali kwenye kidirisha kimoja kirefuuu, hii ni nini, ni mita au madaraja, safu ipi ina aina ya jengo, yanachosha kwa kweli lakini siyapigi vita kwa sababu yalinikamata mara mbili nataka kutia leya isiyo yenyewe. Ukimaliza unabonyeza, dakika chache inakutolea ramani na ripoti tayari kwa kuchapisha.

Sasa mambo yenyewe yako kwenye kile unachoilisha, na hapa ndo nataka kukaa.

Nyumba, Zanzibar tuna bahati. Kuanzia 2016 Kamisheni ya Ardhi na wanafunzi wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, walirusha droni Unguja na Pemba, ukizikuza zile picha unaona mpaka dau lililovutwa juu mchangani. Zikawekwa wazi, watu wakapata pa kuchorea. Ukitumia InaSAFE kuvuta nyumba kutoka OpenStreetMap, ramani ya bure ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, na ina kitufe chake cha kuvutia, zinakuja nyingi na zimekaa mahali pake. Kasoro ni kwamba nyumba nyingi aliyezichora ameandika "jengo" akaishia hapo. Ripoti ikitoka, skuli imetajwa, kituo cha afya kimetajwa, halafu kuna fungu kubwa kupita yote linaitwa nyinginezo, na mle ndani hoteli ya ghorofa, nyumba ya mawe na chokaa ya babu yangu na banda la mbuzi vyote vimehesabiwa kimoja kimoja sawasawa. Nikakaa siku tatu naandika aina za majengo kwa mkono, kwa kijiji ninachokijua nyumba kwa nyumba. Kwa mji mzima sijui utafanyaje.

Urefu wa ardhi ndo ulionitia aibu. Mtu akisikia urefu wa bure anakimbilia SRTM, ile iliyopimwa na chombo cha anga cha Marekani Februari 2000, kijisanduku kimoja mita 30 kwa 30. Nikaitia. Jambiani ikatoka ngazi ngazi, hapa 4, hapa 7, hapa 3, hapa 9, kwa sababu namba zake ni mita nzima nzima, hakuna tatu na nusu. Kwa mlima Meru haijalishi, lakini kwa kijiji kilicholala mchangani mita moja ndo tofauti ya kulowa miguu na kuondoka na godoro. Na lingine baya zaidi, ile rada haikuona udongo, iliona kilicho juu ya udongo. Nikaiangalia Chwaka kwenye mikoko, ikanionyesha kilima kirefu kimeukinga ufukwe wote kama ukuta, nikafurahi kabisa, nikasema Chwaka wamesalimika, mpaka nilipokumbuka kwamba Chwaka mie nimekwenda na hakuna kilima pale, ni matope na mikoko. Ni vilele vya mikoko! Wapo hata watafiti walioitumia hiyohiyo SRTM kupima urefu wa mikoko ya Msumbiji, kwa kazi hiyo inafaa. Kwa tsunami inakupa ukuta wa majani.

Kwa hiyo tumia FABDEM. Wale wa Chuo Kikuu cha Bristol wamechukua data mpya zaidi za satelaiti, za Copernicus, wakajaribu kuondoa miti na majengo wakabakisha ardhi. Haijawa kamili lakini Chwaka ilirudi kuwa Chwaka. Ila leseni yake si ya biashara, kama unamfanyia mteja anayekulipa isome vizuri.

Halafu kosa langu mwenyewe, silisingizii jini. Nilitaka kuweka wimbi juu ya maji ya bamvua, siku maji yamejaa mwisho. Nikafungua jedwali la maji kujaa na kupwa, bamvua kubwa Unguja inafika karibu mita 4, nikaichukua ile 4 nikaipachika juu ya usawa wa bahari wa kwenye FABDEM, halafu juu yake nikaongeza wimbi la mita 2. Nusu ya Jambiani ikazama. Nikawa naiangalia nyekundu ile imekwenda mpaka mashambani huko juu nikajisemea hii haiwezekani, bamvua kubwa nimeziona utoto wangu wote, maji yanafika kwenye mivinje yanarudi. Kumbe jedwali linahesabu kuanzia chini kabisa pale maji yanapokupwa, ila ramani ya ardhi inahesabu kuanzia usawa wa kati wa bahari. Kati ya hapo na hapo pana karibu mita 2. Nilikuwa nimeyahesabu maji yaleyale mara mbili. InaSAFE haikusema neno, ilihesabu nyumba zote zile kwa adabu ikanitolea ripoti nzuri ya rangi, na kama si kijiji changu ningeipeleka hivyohivyo kwa sheha.

Mtu ataniambia kujaza tu kila palipo chini ya mita kadhaa si tsunami, ni beseni. Kweli. Tsunami inakwenda, inarudi, inapoteza nguvu kwenye miamba, inachimba kwenye milango, yaani mapengo ya mwamba. Kwa maji ya kweli ipo ANUGA, nayo bure, ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia na Geoscience Australia, nikaijaribu nayo, usiku kucha kompyuta inanguruma, umeme ukakatika saa nane, nikaanza upya. Inataka umbo la chini ya bahari na la bure ni GEBCO, kijisanduku kimoja karibu mita 450. Bahari kuu sawa. Lakini kwetu kutoka ufukweni mpaka mwambani ni visanduku vichache mno, mwamba wenyewe hauonekani, mlango ambao madau yanapita hauonekani, na hivyo ndo vinavyoamua wimbi livunjikie wapi. Mpaka siku mtu atakapopima ile lagini yetu, yale maji ya ndani ya mwamba, vizuri, beseni langu lenye FABDEM na maji yaliyohesabiwa sawa nina imani nalo kuliko modeli ya kitaalamu isiyojua kama kuna mwamba.

Nikaendelea. Watu nikachukua WorldPop, vijisanduku vya mita 100 vyenye makadirio ya wakaazi, InaSAFE ikavipokea bila ugomvi. Nikatoa ramani ya bamvua iliyojaa, nikapitisha rangi, nikachapisha A3 nikaenda nayo Jambiani Ijumaa.

Shangazi yangu yuko kwenye mwani tangu zamani, wakati huo alikuwa anaanika uani. Shikamoo, marahaba, kimya kidogo, akajifuta mikono kwenye kanga akaishika karatasi.

"Hii nyekundu ndo maji?"

"Ndiyo shangazi."

"Na hivi vidoti?"

"Watu."

"Watu saa ngapi?"

Sikumwelewa. Akarudia, watu wa saa ngapi hawa. Nikamwambia ni wakaazi, wanaoishi hapo. Akacheka. "Mwanangu, bamvua saa nne umkute mtu hapa? Hapa wazee, na watoto wachanga, na kuku. Sie sote tuko huku." Akaweka kidole kwenye buluu, nje kabisa ya kila nilichokihesabu, karibu na mwamba.

Wa bara niwaeleze kidogo. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndo bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana, na huku kwetu siku hizo yanajaa mida ya saa kumi, yanakupwa mida ya saa nne. Mkulima wa mwani anafanya kazi kwenye bamvua kwa sababu ndo siku shamba lake linapoonekana. Maji yakikupwa anatembea zaidi ya kilomita kutoka ufukweni, anainama, anafunga kamba kwenye vigingi, maji yakianza kurudi naye anarudi na gunia lake linavuja maji kichwani. Siku za maji mafu anakaa nyumbani.

Sasa rudi 26 Desemba 2004. Tetemeko la Sumatra lilipiga saa tisa na dakika 58 usiku kwa saa zetu. Mwezi siku hiyo ulikuwa mpevu. Bamvua. Wimbi likachukua masaa tisa hivi kuja kufika kwetu, mchana, maji yalishakupwa na yako njiani kurudi, hayajajaa. Ndo moja ya sababu Tanzania na Kenya tulipata nafuu, maana wimbi lilipanda juu ya maji machache, ukiacha umbali. Tanzania walikufa watu wasiopungua 10, Kenya mmoja, Somalia walio karibu zaidi na njia yake walipoteza kama 300, Hafun ikiumia zaidi. Lingechelewa masaa matatu manne lingekuta maji ya saa kumi. Hiyo nusu ya kwanza nilikuwa naijua, ndo ilinifanya nitie bamvua iliyojaa. Nusu ya pili sikuifikiria: nafuu ya nyumba ndo balaa la shangazi, kwa sababu maji yakiwa chini nyumba ziko salama na wanawake wote wako nje.

Na usiseme Sumatra imepita. Mwaka 2020 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha habari za Ghuba ya Pangani, tabaka la mchanga lenye mifupa ya watu, wakaona ni la tsunami ya miaka kama 1000 iliyopita. Pangani ni hapa, ukiwa Nungwi siku ya hewa safi unahisi unaweza kuigusa.

Basi nikafanya kazi upya, na hapa naipa InaSAFE sifa yake. Nikachora kwa mkono mashamba ya mwani kwenye picha za droni, kila eneo nikalipa idadi ya watu kama nilivyohesabiwa na shangazi na wenzake wa kikundi, nikaiambia programu hii ni leya ya watu. Ikakubali. Haikuniuliza kwa nini watu wako baharini. Sasa nina ramani mbili, ya kujaa ambapo hatari ni nyumba, na ya kupwa ambapo nyumba karibu zote ni kavu na namba ya watu iko kwenye buluu. Programu nyingi za namna hii zinakufungia kwenye data zao, hii inakuacha utie unachokijua wewe, hiyo peke yake naipa nyota mbili.

Ile nyota na nusu iliyokatika imekatika kwenye hasara. Ripoti inakupa idadi ya majengo yaliyoguswa, haikupi shilingi. Bei utaitia mwenyewe, unatoa jedwali unakwenda kulihangaikia kwenye eksel, na utahitaji kujua kina kadhaa cha maji kinaharibu nyumba ya aina gani kwa kiasi gani. Mikunjo ya uharibifu, yaani michoro ya hesabu hiyo, inayopatikana mingi imetoka Japan 2011 na Banda Aceh ya Indonesia 2004, nyumba za mbao za Kijapani huko, na mie nina nyumba za mawe na chokaa zilizopauliwa makuti au bati. Nimekadiria. Naandika hapa waziwazi kwamba nimekadiria.

Na hata ukipata mkunjo wa nyumba, mali ya kijiji cha wavuvi haiko ndani ya nyumba. Somalia 2004 moja ya hasara kubwa ilikuwa vyombo na nyavu, vya watu waliobaki hai bila kitu cha kwendea kutafuta. Kwetu hesabu ngalawa, mashine, nyavu, madema, kamba za mwani, mwani wenyewe ulio shambani haujavunwa. Hakuna ramani ya dunia yenye leya ya ngalawa. Mjomba ana mashine moja ya boti ambayo kwa bei ni zaidi ya jiko na choo chake pamoja, na kwenye ripoti yangu ya kwanza mjomba alihesabiwa hana hasara kwa sababu nyumba yake iko juu barabarani.

Jambo jengine la kuangalia ni ule mstari. Nyekundu inaishia mahali, na mtu akiiona anajua hapa salama. Japan, Ishinomaki, Skuli ya Msingi ya Okawa ilikuwa nje ya eneo la maji kwenye ramani ya hatari. Machi 11, 2011 walikufa pale wanafunzi 74 na walimu na wafanyakazi 10. Na hao ni Wajapani, si mie na FABDEM yangu ya bure. Kwa hiyo nimeutoa ule ukingo mkali, nimeweka rangi inafifia taratibu kuelekea juu, InaSAFE yenyewe haipendi hivyo, inataka madaraja, nimefanya baadaye ndani ya QGIS. Sheha alilalamika haoni mwisho wa maji uko wapi. Nikamwambia hata mie sioni.

Ya kutahadharisha watu siiingizi kwenye alama kwa sababu si kazi ya programu, ila naisema. Kwa tsunami ya Sumatra masaa yapo mengi, Mombasa 2004 waliwahi kuwatoa watu ufukweni kwa sababu habari ilishafika, na sasa kuna mfumo wa Bahari ya Hindi, onyo linafika kwa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa. Lakini mwanamke aliye mwambani hana simu. Simu imefungwa kwenye kanga iko nyumbani, nani aende nayo kwenye maji ya chumvi. Ramani yangu ya kupwa ndo imeonyesha kwamba kipande kigumu ni kile cha kutoka ufukweni mpaka kwao, kilomita na kitu, na mpaka sasa jibu la kikundi ni bendera nyekundu na kijana mwenye mbio.

Nani aitumie? Mwanafunzi wa jiografia, ofisi ya wilaya, vikundi vya pwani vyenye kijana mmoja anayejua QGIS, ndiyo, kabisa. Kampuni ya bima inayotaka shilingi, hapana, mtapata taabu. Mtu asiyewahi kugusa QGIS aanze na QGIS kwanza mwezi mmoja, asije akaitukana InaSAFE bure.

Nimebakiza kitu kimoja. Mwisho wa ripoti kuna jedwali la mahitaji ya waliohama makwao, na hesabu niliyoikuta imewashwa ni ya Indonesia: kila mtu kwa wiki mchele kilo 2.8, maji ya kunywa lita 17.5, maji ya kutumia lita 67, choo kimoja watu 20. Inabadilishwa, ukiwa bara unaweza kutia unga. Mie nikaiacha, Zanzibar mchele ndo chakula chetu. Nikamsomea shangazi, akapiga hesabu ya vidole, gramu mia nne kwa siku, akaridhika nayo. Halafu akaniuliza nazi wameandika ngapi.